Uniti Zinakokwenda: Kutafuta Chanzo cha Gharama Kubwa za Umeme Bukoba na Muleba

Gharama kubwa ya umeme wa nyumbani hutokana na mambo manne: bei ambayo kaya imepangiwa, vifaa vinavyokula umeme mwingi, umeme unaopotea kabla ya kufanya kazi yoyote, na matumizi ya watu wengine yanayopita kwenye mita ile ile. Mambo haya yote hujitokeza kwa dalili moja tu, yaani uniti kuisha haraka. Ndiyo maana watu wengi hurekebisha kisichoharibika. Mmoja hubadilisha taa zote za nyumba ilhali tatizo liko kwenye friji. Mwingine hugombana na mpangaji ilhali waya umechubuka ndani ya ukuta.

Maelezo yanayofuata yanatokana na uzoefu wa familia moja ya Kihaya yenye nyumba mbili. Ya kwanza iko Kashai, Manispaa ya Bukoba, na ina vyumba vya kupangisha uani. Ya pili iko Kamachumu, wilayani Muleba, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Kwa miaka mingi nyumba hizo zilipitia karibu kila sababu ya gharama kubwa ya umeme inayojulikana mkoani Kagera, na kila sababu ilipopatikana ilifundisha jambo lile lile: chanzo hupatikana kwa kupima, si kwa kushuku.

Kutoka bili hadi LUKU

Zamani nyumba zenye umeme mjini Bukoba zilikuwa na mita za kisahani kinachozunguka. Msomaji mita alipita, akaandika namba, na bili ikafika baada ya umeme kuwa umeshatumika. Kaya ilijua gharama ya mwezi uliokwisha, lakini haikuwa na njia rahisi ya kujua siku ipi au kifaa kipi kilichoipandisha. Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ambao shirika la umeme la TANESCO lilianza kuutumia katika miaka ya 1990 na ukaenea nchini hatua kwa hatua, ulibadilisha hali hiyo. Tangu hapo salio la uniti linasomeka wakati wowote kwenye kioo cha mita, na mwenye nyumba anayelisoma asubuhi na jioni anaweza kujua usiku ulikula kiasi gani na mchana ulikula kiasi gani.

Katika vijiji vya Muleba mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi, kwa sababu vingi vilitoka kwenye kibatari na kuingia moja kwa moja kwenye LUKU. Umeme ulisambazwa huko kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Nyumba ya kijijini ilianza na taa chache na chaji ya simu. Baadaye ikaja televisheni, kisha pasi, kisha friji, na matumizi yakapanda bila mtu kuketi na kuyahesabu.

Jambo moja la Kagera linahitaji kuwekwa wazi mapema. Tangu miaka ya 1990 Bukoba, Muleba na wilaya jirani zimekuwa zikipata umeme kutoka Uganda, kwa njia ya msongo wa kilovolti 132 inayoingia nchini upande wa Mutukula hadi kituo cha Kyaka. Baadaye mradi wa maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, wenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uliongeza chanzo kingine ndani ya mkoa. Husikika mara kwa mara kwamba umeme wa Uganda ndio unaofanya uniti ziishe. Dhana hiyo haina msingi. Bei za TANESCO ni moja kwa nchi nzima, na uniti moja ni uniti moja, itoke Jinja, Rusumo au Kidatu. Chanzo cha gharama kubwa kitafutwe nyumbani.

Risiti husomwa kwanza

Kazi huanza na risiti ya manunuzi, kabla ya kumwita fundi. Kwa agizo la bei la EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, lililoanza kutumika Aprili 2016, wateja wa majumbani wamegawanywa katika makundi mawili makuu. Kundi la D1 ni la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja ni shilingi 100. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, na uniti moja ni shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo mteja wa D1 hulipa shilingi 122 kwa uniti, na wa T1 hulipa takriban shilingi 356.

Tofauti hiyo ni karibu mara tatu, na ni sababu kubwa ya gharama kupanda ghafla. Uniti 75 katika D1 hugharimu shilingi 9,150. Uniti hizo hizo katika T1 hugharimu shilingi 26,700. Nyumba ya Kamachumu ilikaa D1 kwa muda mrefu. Friji ilipoingia, matumizi yalivuka uniti 75, na nyumba ikahamishiwa T1. Familia iliona fedha ile ile ya kila mwezi ikileta theluthi moja tu ya uniti za awali, ikadhani mita imeharibika. Mita ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni kundi. Kaya iliyopunguza matumizi yake na kukaa chini ya uniti 75 kwa mwezi inaweza kwenda ofisi ya TANESCO ya wilaya kuomba kundi lake lipitiwe upya, na ni vizuri iende na risiti zake.

Risiti huonyesha pia kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500; kwa nyumba ya ghorofa makato ni makubwa zaidi. Mteja wa T1 anayenunua umeme wa shilingi 10,000 mara ya kwanza katika mwezi hupata karibu uniti 24, na akinunua tena kwa fedha hiyo hiyo hupata uniti 28. Nyumba iliyokaa miezi kadhaa bila kununua umeme hukuta deni limelimbikizwa, na manunuzi ya kwanza huleta uniti chache mno. Jambo hili huwasumbua sana Wahaya wanaoishi Mwanza au Dar es Salaam, ambao nyumba zao za kijijini hufunguliwa wakati wa Krismasi na misiba tu.

Kupima kabla ya kushuku

Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Wati za kifaa zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini yake. Ukizidisha wati kwa saa za matumizi, kisha ukagawanya kwa 1,000, unapata uniti. Hesabu hiyo ya darasa la sita ndiyo chombo cha kwanza cha uchunguzi.

Chombo cha pili ni taa nyekundu ya mita. Juu ya mita imeandikwa taa hiyo hupepesa mara ngapi kwa kila uniti, mara nyingi 1,000 au 1,600. Kwenye mita ya 1,000, taa ikipepesa mara moja kila sekunde 36, nyumba inatumia wati 100 wakati huo. Ikipepesa kila sekunde 3.6, inatumia wati 1,000. Mtu mmoja akiiangalia taa na mwingine akiwasha na kuzima vifaa kimoja kimoja, ulaji wa kila kifaa hujulikana ndani ya nusu saa.

Kwa njia hiyo hiyo mita yenyewe hupimwa. Vifaa vyote huzimwa na plagi kuchomolewa, kisha huwashwa balbu moja ya wati 100 ya aina ya zamani kwa saa nzima. Mita ya 1,000 ikipepesa karibu mara 100, inahesabu sawasawa. Nyumba zote mbili zilipofanya jaribio hili mita zilikutwa sahihi, na hivyo ndivyo ilivyo kwa mita nyingi zinazolalamikiwa. Hata uboreshaji wa mita za LUKU uliofanyika nchini mwaka 2024, ambapo wateja waliingiza tarakimu za ziada kabla ya tarehe 24 Novemba, ulihusu namna mita inavyopokea tokeni na haukugusa namna inavyohesabu uniti.

Vifaa vya joto

Katika mji kama Bukoba, ulio pembezoni mwa ziwa, wenye mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka na asubuhi zenye ubaridi, kiyoyozi si tatizo la kaya. Tatizo ni maji ya moto. Hita ya shawa inayochemsha maji papo hapo huwa na wati 3,500 hadi 5,500. Mtu mmoja akioga dakika 10 kwa hita ya wati 5,000 hutumia uniti 0.83. Familia ya watu watano ikioga hivyo kila siku hutumia uniti 125 kwa mwezi, sawa na shilingi 44,500 katika T1. Ndoo ya lita 15 inayopashwa hadi kuwa vuguvugu la kuogea huhitaji chini ya theluthi moja ya uniti. Nyumba ya Kashai ilipogundua hesabu hii haikung'oa hita. Ilikubaliana kwamba shawa ya moto ni ya wazee, wagonjwa na watoto wadogo, na kwamba hita izimwe kwenye swichi yake kila mtu atokapo bafuni. Matumizi yalishuka kuliko kwa hatua nyingine yoyote iliyochukuliwa kuhusu vifaa.

Birika la umeme la wati 2,000 hutumia uniti 0.2 kwa dakika sita. Kiasi hicho ni kidogo, lakini birika linalochemshwa upya kwa kila mgeni anayeingia hufanya kazi mara nyingi kwa siku. Kuchemsha mara moja na kuhifadhi kwenye chupa ya chai huondoa sehemu kubwa ya matumizi hayo.

Pasi ina tabia yake ya pekee katika ukanda huu. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, sare za shule hazikauki, na pasi hugeuzwa kikaushio. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji zaidi ya uniti 0.6, na pasi hupoteza joto jingi hewani juu ya hilo, hivyo kukausha nguo mbichi kwa pasi ni njia ya gharama kubwa kuliko zote. Kamba ya nguo chini ya paa la baraza, nguo zikikamuliwa vizuri na kuanikwa siku mbili kabla, hufanya kazi hiyo bure. Pasi ibaki na kazi yake, na nguo za wiki zipigwe kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kila inapowashwa upya hutumia umeme kupata moto kabla ya kuanza kazi.

Kupika kwa umeme kunahitaji kupimwa bila hofu na bila ushabiki. Maharage yanayochemka saa tatu kwenye jiko la sahani la wati 1,000 hula hadi uniti tatu, zaidi ya shilingi 1,000 katika T1. Maharage hayo hayo, yakilowekwa usiku na kupikwa kwenye jiko la umeme la presha, hula chini ya uniti moja. Serikali imeweka katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Lengo hilo litaheshimika majumbani pale ambapo chungu sahihi kitachaguliwa pamoja na nishati sahihi.

Friji na vifaa visivyolala

Friji hufanya kazi saa 24, na kosa lake dogo hujirudia mchana na usiku. Friji nzuri yenye mota ya wati 150 huwaka theluthi moja ya muda na kutumia takriban uniti 36 kwa mwezi. Friji hiyo hiyo ikiwaka bila kupumzika hutumia uniti 108. Tofauti ni zaidi ya shilingi 25,000 kila mwezi katika T1.

Mambo yanayoizuia friji kupumzika ni machache na yanachunguzika kwa mikono mitupu. Mpira wa mlango huchakaa, hasa kwenye friji za mtumba: karatasi ikibanwa mlangoni na kuvutika bila kukwama, mpira haubani. Nyavu za nyuma hujaa vumbi na kushindwa kutoa joto. Friji husogezwa hadi kugusa ukuta, au huwekwa karibu na jiko. Barafu nene hujengeka ndani na kuzuia ubaridi. Chakula cha moto huingizwa kabla ya kupoa. Friji ya Kamachumu ilikuwa na matatu kati ya haya kwa pamoja. Ilipofutwa vumbi, kusogezwa mbali na ukuta na kubadilishwa mpira, ilianza tena kunyamaza kwa vipindi virefu. Kaya inayohifadhi sato na sangara wa kuuza, au kutengeneza barafu za watoto, itenge gharama hiyo katika hesabu ya biashara. Isiichanganye na ya nyumbani.

King'amuzi, televisheni iliyozimwa kwa rimoti na redio iliyobaki kwenye soketi hula kidogo kidogo. King'amuzi cha wati 15 kisichozimwa kamwe hutumia karibu uniti 11 kwa mwezi. Kwa nyumba ya T1 hizo ni shilingi 3,800 zinazookolewa kwa swichi ya ukutani.

Taa za nje na taa za senene

Taa za ndani mara nyingi hulaumiwa bure. Taa zinazostahili kuchunguzwa kwanza ni za nje, zinazowaka usiku kucha. Balbu mbili za wati 60 zikiwaka saa 12 kila usiku hutumia uniti 43 kwa mwezi. Mbili za LED za wati 9 hutumia chini ya uniti 7 na hutoa mwanga unaokaribiana.

Kagera ina taa za aina nyingine ambazo mikoa mingi haizijui. Novemba na Desemba, na kwa kiasi kidogo Aprili na Mei, ni msimu wa senene, wadudu wanaoliwa. Mitego ya kisasa ya Bukoba na Muleba hujengwa kwa mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa, na juu yake huning'inizwa taa kali zinazowavuta wadudu kutoka mbali. Taa moja ya wati 400 ikiwaka saa 10 hula uniti 4 kwa usiku mmoja. Ya wati 1,000 hula uniti 10, sawa na shilingi 3,560. Mtego wenye taa kadhaa hula kwa usiku mmoja kiasi ambacho nyumba ndogo ya kijijini hukitumia kwa majuma. Taa hizo pia huwaka kwa bahati: usiku usio na kundi la senene umeme huliwa bure.

Nyumba inayotega senene kwa mita yake ya nyumbani inaweza kutolewa D1 kwa msimu mmoja tu. Tena nyaya nyembamba za taa, zilizotandazwa kwenye nyasi zenye umande hadi mtegoni, hupata moto na kuvuja. Utegaji unaofanywa kama biashara unastahili mita yake na waya wake, na mapato ya msimu yapimwe dhidi ya uniti zilizoliwa.

Umeme unaovuja

Sababu iliyo ngumu kuonekana ni uvujaji. Waya ukichubuka na kugusa ukuta wenye unyevu au udongo, umeme hupita kwenda ardhini, na mita huuhesabu kama uliotumika. Uvujaji wa nusu ampea tu kwa volti 230 ni wati 115 mfululizo, yaani uniti 83 kwa mwezi, karibu shilingi 29,500 katika T1. Kiasi hicho peke yake kinatosha kuitoa nyumba kwenye D1 hata kama hakuna aliyewasha taa.

Bukoba ina sababu zake za uvujaji. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa, likaua watu na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba. Nyufa nyingi zilizibwa kwa saruji na kupakwa rangi, lakini paipu za waya zilizokatika ndani ya kuta hazikukaguliwa. Mvua nyingi hufanya kuta hizo zinywe maji kila masika. Darini panya hutafuna nyaya. Katika vibanja vya Muleba waya wa kwenda jiko la nje au zizini hufukiwa bila paipu, na jembe huupata wakati wa palizi.

Uchunguzi wake una mpangilio. Plagi zote huchomolewa na swichi zote za taa huzimwa, bila kuzima meini swichi. Mita huangaliwa kwa dakika kadhaa. Kwenye mita nyingine taa hubaki imewaka bila kupepesa pale ambapo hakuna matumizi. Ikiendelea kupepesa, sakiti breka huzimwa moja moja hadi upepesaji ukome, na tawi lililoukomesha ndilo lenye kosa. Meini swichi ikizimwa na mita bado ikahesabu, kosa liko kati ya mita na meini swichi, na hapo haparuhusiwi kuguswa na mtu wa nyumbani.

Nyumba ya Kashai ilijifunza hivi kwa njia ya uchungu. Katika masika moja uniti ziliisha kwa kasi, na lawama ikamwangukia kijana mpangaji aliyekuwa na redio ya spika kubwa. Ilipopimwa, redio ilitumia wati 50. Hata kuisikiliza saa sita kila siku kungekuwa uniti 9 kwa mwezi. Tawi la taa ya bafu la uani lilipozimwa, mita ilinyamaza. Waya ulikuwa umechubuka ndani ya ukuta uliopasuliwa na tetemeko na kuzibwa. "Mama, umeme huu unanywewa na ukuta," fundi alimweleza mwenye nyumba. Waya ulibadilishwa, uniti zikatulia, na kijana akaombwa radhi mbele ya wapangaji wenzake. Uvujaji huo ungeweza pia kuua, kwa maana ukuta wa bafu ndio unaoguswa na mwili uliolowa. Kwa hiyo kila nyumba iwe na ethi iliyo hai na kifaa kinachokata umeme unapovuja ardhini, na kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Vishoka wanaoahidi kupunguza kasi ya mita huiingiza kaya kwenye kosa la jinai na kwenye hatari ya moto.

Umeme mdogo na umeme unaokatika

Mwishoni mwa laini ndefu za vijijini nguvu ya umeme hushuka jioni, watu wote wanapowasha. Jambo hili haliongezi uniti kwa kila kifaa. Birika huchelewa kuchemka lakini hutumia karibu kiasi kile kile. Mota za friji na pampu ndizo zinazoumia: huvuta mkondo mkubwa, hupata moto na hufanya kazi muda mrefu. Stabilaiza hulinda friji, ila nayo hula umeme wake, hivyo izimwe pamoja na kifaa inachokilinda.

Umeme unapokatika, hatari ni vifaa vilivyoachwa vimewashwa. Pasi, jiko au hita iliyosahauliwa huanza kazi usiku wa manane umeme unaporudi. Kuzima vifaa vya joto kila umeme unapokatika huokoa uniti na huokoa nyumba.

Mita moja, kaya nyingi

Wapangaji wanaochangia LUKU kwa vichwa hugombana kwa sababu mchango hauendani na matumizi: mwenye balbu moja hulipa sawa na mwenye friji. Lakini kuna hasara ambayo wengi hawaioni. Kaya nne zinazotumia uniti 25 kila moja, kwa mita moja, hufikisha uniti 100 na kulipa kwa bei ya T1, shilingi 35,600. Kila moja ingekuwa na mita yake kwenye D1, zote kwa pamoja zingelipa shilingi 12,200. Kuchangia mita kumewafanya maskini wanne walipe kama tajiri mmoja.

Tiba ya kudumu ni kila kaya kuombewa mita yake. Wakati hilo likisubiriwa, mita ndogo kwa kila chumba huonyesha nani ametumia nini. Pasipo mita ndogo, wapangaji waorodheshe vifaa, wahesabu uniti za kila kimoja na wagawane kwa hesabu hiyo. Kashai walibandika orodha ya aina hii mlangoni pa uani, na mabishano ya LUKU yakakoma.

Pale ambapo yote yamechunguzwa na hesabu bado haikubali, mteja ana haki ya kuomba TANESCO ipime mita yake. Asiporidhika anaweza kupeleka malalamiko EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kumsaidia. Malalamiko yenye risiti, tarehe na usomaji wa mita yana uzito ambao maneno matupu hayana.

Mpangilio wa kazi nzima, basi, ni huu: kusoma risiti na kujua kundi la bei; kusoma mita asubuhi na jioni kwa juma moja; kupima vifaa vya joto, kisha friji, kisha taa za nje; kutafuta uvujaji vifaa vyote vikiwa vimezimwa; na mwisho kutenganisha matumizi ya kaya na ya wengine. Hatua nne kati ya hizi tano hazina gharama yoyote zaidi ya daftari na kalamu. Kila mwenye nyumba wa Bukoba na Muleba anayeona uniti zake zinaisha haraka na aanze na daftari hilo leo, kabla hajamlaumu mpangaji, jirani au mita.